Mkoma, Makumbusho na Maonyesho ya Mwanga: Historia ya Ufundi wa Turkana

Hakuna mahali panapojulikana duniani penye historia ya kazi ya mikono iliyo ndefu kuliko ya bonde la Turkana, kwani huko Lomekwi, magharibi mwa ziwa, zilichimbuliwa zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 3.3, ambazo habari zake zilitangazwa mwaka 2015. Katika eneo la Kanamkemer mjini Lodwar, ufundi ulio hai hutegemea mkoma, mti wa jamii ya mitende uotao kando ya mto Turkwel, ambao majani yake machanga hukaushwa na kuchanwa kuwa miyaa, nayo miyaa hiyo wanawake huizungusha na kuishona duru baada ya duru hadi kikapu kikasimama. Wanaume nao huchonga ekicholong, kigoda kidogo cha mbao ambacho mchungaji hukikalia mchana na kukitumia usiku kama mto wa kichwa, ili nywele zilizopambwa kwa udongo zisiharibike.

Wakati wa ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, yaani mgeni hakuruhusiwa kuingia bila kibali cha serikali, na ni kwa sababu ya upweke huo kwamba Jomo Kenyatta aliwekwa kizuizini Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961. Soko la mafundi likabaki finyu, huku vyombo vya Kenya vikipelekwa ng'ambo na kuhifadhiwa makabatini, mara nyingi bila jina la aliyevitengeneza. Mradi wa International Inventories Programme, ulioyaunganisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya na makumbusho ya Cologne na Frankfurt, uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika nchi za nje, kisha ukaandaa maonyesho ya Invisible Inventories mwaka 2021. Hasara iliyodhihirishwa na orodha hiyo ni kubwa mno.

Dhidi ya hasara kama hiyo, Japani imeonyesha njia mbili za kuutunza ufundi. Mwaka 1936 Yanagi Sōetsu alifungua Tokyo jumba la Mingeikan, akaviheshimu vyombo vya matumizi ya kila siku vilivyotengenezwa na mafundi wasio na majina. Mwaka 2018, katika jiji hilo hilo, kundi la teamLab lilifungua Borderless, maonyesho ya kidijitali ambamo picha za projekta hufunika kuta na sakafu hata mtazamaji akawa ndani ya mchoro wenyewe, na katika mwaka wa kwanza yalitembelewa na watu wapatao milioni 2.3. Mbinu hiyo ya pili inakifaa sana kikapu cha mkoma, kwa sababu kabati humwonyesha mtazamaji chombo kilichokamilika tu, ilhali picha zinazotembea zaweza kumwonyesha mkono unaoshona. Tayari visukuku vya bonde hili, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, vinatazamwa kwa pande zote kwenye intaneti kupitia tovuti ya African Fossils. Kaunti ya Turkana na Makumbusho ya Taifa ziwafikie washonaji wa Kanamkemer wangali hai, ziyaandike majina yao, zirekodi sauti na mikono yao, na ziwalipe kwa kazi hiyo.