Rehani, Badali na Dhamana: Maneno ya Sheria ya Biashara na Asili Yake

Mwanafunzi wa biashara anapoanza somo la sheria, hukutana na maneno mawili anayodhani kuwa ameyajua tangu utotoni: makubaliano na mkataba. Mitaani maneno haya hubadilishana nafasi bila ya madhara. Katika Sheria ya Mikataba ya Tanzania sivyo. Mkataba wote ni makubaliano, lakini si makubaliano yote yaliyo mkataba. Mkataba ni yale tu ambayo mahakama yaweza kumlazimisha mtu kuyatimiza. Katika makala haya tunakusudia kueleza namna tofauti za aina hii zilivyotufikia, maana aghalabu ugumu wa istilahi hutokana na historia yake.

Waingereza walipoweka mahakama zao Afrika ya Mashariki, hawakuleta sheria ya mikataba ya kwao moja kwa moja. Walileta Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ilikuwa imekwisha kupangwa kwa vifungu, na ambayo wafanyabiashara wengi wa pwani wenye asili ya Bara Hindi walikuwa wakiifahamu. Tanganyika nayo iliipokea. Ndipo mwaka 1961 njia zikaachana. Kuanzia tarehe 1 Januari mwaka huo Kenya iliacha sheria ya India na kufuata kanuni za mahakama za Uingereza. Tanganyika ilitunga sheria yake yenyewe, lakini mwili wake ukabaki ule ule wa mwaka 1872.

Jambo hili lamhusu sana mtunga istilahi. Vitabu vya Uingereza, ambavyo wanafunzi wetu wamevisoma kwa miaka mingi, husema kwamba mkataba huanza mtu mmoja anapotoa na mwingine anapopokea. Wafasiri wengi wamefuata picha hiyo, wakaandika “toleo”, neno ambalo kwa msomaji wa kawaida ni nakala ya gazeti. Sheria yetu haisemi hivyo. Yenyewe yasema mtu hupendekeza, na pendekezo likikubaliwa huwa ahadi. Basi “pendekezo” ni neno la sheria yenyewe, tena Kiswahili kilikuwa nalo tayari.

Pagumu zaidi ni kwenye kile ambacho kila upande hutoa ili ahadi ya mwenziwe iwe na nguvu. “Malipo” hayatoshi, kwani chaweza kuwa kazi, au ahadi, au hata kujizuia kutenda jambo. “Fidia” yapotosha kabisa. Fidia hufuata baada ya hasara. Sisi twaegemea kwenye “badali”. Neno hili lina maana ya kitu kinachoshika nafasi ya kingine, wala halijabebeshwa mzigo mwingine wa kisheria. Izingatiwe pia kwamba kwa sheria ya Tanzania badali yaweza kutolewa na mtu mwingine asiyekuwa yule aliyeahidiwa, jambo ambalo kanuni ya Uingereza hailikubali. Mwanafunzi anayekariri kitabu cha London atakosea hapa, na kosa lake halitakuwa la lugha tu.

Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba pwani haikungoja mwaka 1872 ili iwe na lugha ya biashara. Rehani, wakala, amana na mufilisi yalikuja kwa Kiarabu pamoja na fikihi ya Kiislamu. Hundi na bima yalikuja na wafanyabiashara wa Bara Hindi. Hundi ya zamani ilikuwa hati ya kumwamuru mtu wa mji mwingine alipe fedha. Leo twaiita hundi ile karatasi ya benki, wala si vibaya, kwani kisheria nayo ni amri ya kulipa, ila anayeamriwa ni benki. Katika karne ya 19 huko Unguja yalikuwapo pia mauzo ya khiyari: mtu aliuza shamba au nyumba kwa sharti kwamba akirudisha fedha katika muda uliowekwa, mali humrudia. Kwa sura yalikuwa mauzo. Kwa kazi yalikuwa mkopo. Mzizi wa neno hilo ndio uliotupa “hiari”, na hiari hiyo hiyo ndiyo inayodaiwa na sheria ya leo, isemapo kuwa ridhaa ya wafanyao mkataba sharti iwe huru.

Utajiri huu una hatari yake, na mfano mkubwa ni “dhamana”. Mshtakiwa hutoka rumande kwa dhamana. Muuza redio hutoa dhamana kwamba redio ni nzima. Mkopaji huweka hati ya nyumba kuwa dhamana. Jirani humwekea mkopaji dhamana benki. Na mdhamini ni huyo jirani, lakini pia ni mjumbe wa bodi inayoshika mali ya msikiti au ya chama. Haya ni mambo matano, na wajibu wake haufanani hata kidogo. Jirani aliyetia sahihi benki huenda akadhani kwamba ameshuhudia tu tabia njema ya mwenziwe, kumbe sheria yamhesabu kuwa anadaiwa sawasawa na mkopaji mwenyewe, isipokuwa mkataba useme vingine. Nyumba huuzwa kwa sababu ya fumbo la neno moja.

Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, fumbo hili si la darasani tena. Kwa maoni yetu, “dhamana” pekee iachiwe ile ya mshtakiwa, kwa kuwa imezoeleka mno. Kitu kinachowekwa kwa mkopo kiitwe rehani, kama wazee walivyokiita. Ahadi ya muuzaji juu ya ubora iitwe “dhamana ya bidhaa”, daima kwa maneno yote mawili. Ama yule jirani, mkataba wake uandikwe “udhamini wa deni”, na neno deni lisikatwe hata pale nafasi kwenye fomu inapokuwa finyu.