Rais Miaka Kumi, Mbunge Je?

Kila Desemba 9 tunapokusanyika, hakosi mtoto aliyezaliwa huku wa kuuliza: kwa nini Rais mwisho wake ni miaka kumi, na mbunge wa kwenu yumo bungeni tangu mama hajaolewa?

Wanangu, turudi kwenye uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja. Karibu kila jimbo TANU ilisimamisha wagombea wawili, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Walipanda jukwaa moja wakahutubia kwa Kiswahili, na kuomba kura kwa ukabila au dini ilikuwa marufuku. Ungedhani chama kikiwa kimoja hakuna wa kuangushwa. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa Mwanza! Sanduku la kura lilijua kumtoa mtu, na tangu hapo kila baada ya miaka mitano wabunge hurudi kwa wananchi.

Ukomo ulipoingia katika Katiba, mwaka 1984, ulimhusu Rais: vipindi viwili vya miaka mitano. Mbunge hakuguswa.

Nusura aguswe. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi ikasikiliza wananchi, na rasimu yake ya 2013 ikasema mtu asizidishe vipindi vitatu bungeni, na wapiga kura waweze kumwondoa mbunge kabla ya muda wake kwisha. Mwaka 2014 rasimu ikafika Bunge Maalum la Katiba, Dodoma. Nani walikaa humo? Wabunge wote wa Muungano, wawakilishi wa Zanzibar, na wajumbe 201 walioteuliwa na Rais. Sisemi kwamba fisi alikabidhiwa bucha, lakini Katiba Inayopendekezwa ilipopitishwa Oktoba, ukomo haukuwemo, wala haki ya kumwondoa mbunge.

Wapo wanaosema mbunge mzoefu ni hazina, na mwenye kuamua ni mpiga kura. Hoja ina uzito, ingawa sisi wa ughaibuni kura hiyo hatuna. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa. Hadi leo haijapigwa, na Katiba inayotumika ni ile ya 1977.