Sandarusi, Ganda la Korosho na Hatua Tunayoiacha Ipotee

Fundi anayetaka kugandisha ua kavu au kipande cha gome ndani ya utomvu wa epoksi, ili baadaye akereze mwili wa kalamu, huanza na kazi ambayo mnunuzi hataiona kamwe. Hukikausha kitu chake mpaka unyevu uishe, kisha hukipaka vanishi nyepesi tabaka baada ya tabaka mpaka vitundu vyote vizibe. Akiruka hatua hiyo, hewa iliyojificha hutoka utomvu ukiwa unaganda, na kazi nzima hujaa mapovu na ukungu. Bei ya kalamu ile huamuliwa kwenye matayarisho, ingawa sifa huenda kwenye mng'ao. Naamini kanuni hiyohiyo ndiyo inayoieleza vizuri zaidi historia ya utomvu kusini mwa Tanzania, tangu sandarusi ya nyuma ya Kilwa na Lindi hadi magunia ya korosho ya Nambambo, Nachingwea. Kusini haijawahi kukosa mali. Kilichopotea, mara mbili sasa, ni hatua ya kuiandaa.

Sandarusi ni utomvu wa mti ambao wataalamu wa mimea huuita Hymenaea verrucosa, unaoota katika ukanda wa pwani. Ulio bado mtini, laini na mchanga, uliitwa chakazi na ulikuwa wa bei ya chini. Uliotafutwa ni ule uliozikwa ardhini kwa muda mrefu, mahali ambapo mara nyingi miti yenyewe ilikwisha toweka. Wenyeji waliufukua kwa jembe katika mashimo mafupi, ukatoka umevikwa ganda la mchanga na udongo. Ulipolowekwa katika maji ya magadi na kusuguliwa kwa brashi, ganda lilibanduka na kuacha uso wenye vipele vidogo kama ngozi ya ndege aliyenyonyolewa. Ndani yake mara nyingine alionekana mdudu mzima, na mbawa zake. Vipele hivyo ndivyo vilivyomthibitishia mnunuzi kwamba hii ni sandarusi iliyokomaa, ngumu kiasi cha kutengenezea vanishi ya magari ya farasi yaliyopita mvuani na juani. Baada ya Marekani kufunga mkataba na Sayyid Said, sultani wa Unguja, mwaka 1833, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta nguo za merikani na kuondoka na sandarusi ikiwa chafu. Salem kwenyewe kulikuwa na kiwanda cha kuiosha. Kazi ya mwenye jembe ililipwa kwa doti za nguo; ajira ya kuosha na kuchambua ikabaki ng'ambo ya bahari.

Wasafiri wa wakati ule, Richard Burton miongoni mwao, walilaumu uvivu wa wachimbaji: kwamba walichimba juujuu na kuacha mali chini. Lawama hiyo haisimami. Anayelipwa kwa uzito wa kitu kisichooshwa hana sababu ya kuchimba zaidi wala ya kubandua mchanga unaomwongezea uzito. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni hili: ushuru wa Marekani wa mwaka 1861 ulipoielemea sandarusi isiyosafishwa, kazi ya kuosha ilihamia Unguja, na bado bara halikutajirika. Ni kweli, lakini mfano huo unanisaidia mimi. Unaonyesha kwamba hatua ya kuosha haikufungwa na asili yoyote ya Salem; iliweza kuhamishwa kwa kanuni moja ya forodha. Iliishia bandarini kwa sababu waliokuwa na mtaji na neno la mwisho katika bei walikuwa bandarini. Mchimbaji hakushirikishwa. Hata utomvu wa viwandani ulipoanza kuchukua nafasi ya sandarusi, baada ya Leo Baekeland kutengeneza Bakelite kwa fenoli mwaka 1907, hakubaki na ujuzi wa kuhamishia kwenye zao jingine.

Zao jingine lilikuja hata hivyo. Ganda la korosho lina kimiminika cheusi kinachounguza ngozi, ambacho wabanguaji hujikinga nacho kwa kupaka mikono mafuta au majivu. Kikipashwa moto hutoa kadanoli, ambayo nayo ni ya jamii ya fenoli. Viwanda huitumia katika breki za magari, katika vanishi, na katika dawa za kukazia epoksi zinazopakwa kwenye meli, kwa kuwa hukaza hata penye unyevu. Sehemu kubwa ya uzito wa korosho ghafi ni ganda. Hivyo kila gunia linalonunuliwa katika minada ya RUNALI, chama kikuu cha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na kupakiwa kwenda India au Vietnam, husafirisha pia malighafi ya utomvu ambayo mkulima hakupigiwa hesabu yake.

Watasema tumeshajaribu: viwanda vya kubangua vilijengwa kusini, Nachingwea ikiwemo, vikageuka maghala. Lakini tarehe zinajibu. Mavuno ya nchi yalifikia kilele cha tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, kisha yakaporomoka hadi chini ya tani 20,000 mwaka 1986/87, baada ya watu kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao na ugonjwa wa ubwiriunga kuenea. Viwanda vilikamilika wakati korosho za kuvilisha hazipo, na mashine zake zilivunja kokwa nyingi mno. Huko ni kushindwa kwa mpango uliojengwa kwa hesabu ya mavuno ya zamani, na hakuthibitishi kwamba ubanguaji hauna faida. Leo mavuno yamerudi na kupita kilele kile. Kwa hiyo swali la kuuliza katika mkutano wa chama cha msingi lisiishie kwenye bei ya kilo moja ya korosho ghafi. Liulize pia ganda linakwenda wapi, nani analikamua, na kwa nini asiwe mwanachama wa chama hicho. Mchimbaji wa sandarusi hakuwa na mkutano wa kuuliza swali hilo. Mkulima wa Nachingwea anao.