Breki za Sekenke

Kila nipitapo Mlima Sekenke, kule Singida, huyatazama malori yakiteremka taratibu kuelekea Nzega, na kutoka huko Kigali, Bujumbura na Kongo. Hakuna dereva mwenye busara anayengoja kukagua breki katikati ya mteremko.

Sekenke imezoea wageni. Wajerumani walichimba dhahabu hapa, na mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto, ikatengenezewa sarafu za rupia 15 mjini Tabora. Vita hivyo vilipomalizika mwaka 1918, homa kali ya mafua ilizunguka dunia. Afrika Mashariki iliingia kwa meli, ikasambaa kwa reli na kwa askari na wapagazi waliorejea makwao.

Maradhi bado husafiri hivyo. Mwaka 2023 Marburg iliua watu 6 mkoani Kagera. Januari 2025 ikazuka wilayani Biharamulo, kwenye njia ya malori haya haya.

Basi msafiri, kagua breki mapema. Uliza kuna maradhi gani huko uendako. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Ukifika, nawa mikono, usiguse mgonjwa wala maiti. Ukirudi ukapata homa ndani ya siku 21, mwambie daktari ulikotoka.

Mimi niliwahi kurudi na homa, nikanyamaza siku tatu kwa kuogopa kutengwa. Bahati yangu ilikuwa malaria. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na pengine huwaumbua na wanawe.