Mali Bila Daftari: Wapuliza Korneti wa New Orleans na Ushahidi wa Historia



Kila anayeshughulika na fasihi simulizi hana budi kukabiliana na swali moja gumu: sanaa inayozaliwa na kufia hewani huandikiwaje historia? Katika mhadhara huu nitalijadili swali hilo kwa kutumia mfano wa wapuliza korneti na tarumbeta wa jazi ya awali, waliotokea katika jiji la New Orleans, Marekani. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu sanaa yao ilianza kwa masikio na kumbukumbu tu, kisha, kabla kizazi kile hakijapita, ikaingia katika santuri. Tunao basi mashahidi wawili wa jambo moja: mdomo wa mwanadamu na mashine. Nitadai kwamba hakuna hata mmoja kati yao anayefaa kuaminiwa peke yake.

Tuanze na istilahi. Tarumbeta twalifahamu, neno lenyewe tulilipata kwa Wareno. Korneti ni ndugu yake. Bomba lake lina urefu uleule, ila limekunjwa zaidi na hupanuka taratibu, hivyo sauti yake ni laini kuliko ya tarumbeta. Katika bendi za New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, korneti ndiyo iliyoushika wimbo. Klarineti iliupamba kwa juu na tromboni ikaujibu kwa chini. Mpulizaji wake alikuwa na cheo kinachokaribia kile cha manju katika ngoma zetu: wenziwe walimfuata yeye, na hadhira ilimpima yeye kwanza.

Wa kwanza kukumbukwa kwa cheo hicho ni Charles “Buddy” Bolden, aliyezaliwa mwaka 1877. Kuanzia katikati ya miaka ya 1890 hadi yapata mwaka 1906 alipendwa mno na watu weusi wa jiji lile waliokwenda kucheza dansi. Wazee waliomsikia walisisitiza mambo mawili: nguvu ya pumzi yake na namna alivyoweza kuupiga wimbo wa polepole ukamgusa msikilizaji. Mwaka 1907 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya jimbo la Louisiana, akakaa humo hadi alipofariki mwaka 1931. Hatuna santuri yake hata moja. Tunayo picha moja tu ya bendi yake, na maneno ya watu.

Maneno hayo ndiyo yaliyotumiwa mwaka 1939, Frederic Ramsey na Charles Edward Smith walipohariri kitabu kiitwacho Jazzmen. Shahidi wao mmoja mkubwa alikuwa Bunk Johnson, mpuliza tarumbeta mkongwe aliyekuwa ameacha kazi hiyo na kupoteza meno. Johnson alisema kwamba alizaliwa mwaka 1879 na kwamba alipiga pamoja na Bolden tangu mwaka 1895. Watafiti wa baadaye wamepata sababu za kuamini kwamba alizaliwa takriban miaka kumi baada ya mwaka alioutaja. Ikiwa ndivyo, katika mwaka huo wa 1895 alikuwa mtoto mdogo. Vivyo hivyo, ilienea habari kwamba Bolden alikuwa na duka la kinyozi na kwamba alihariri gazeti la umbeya. Mwaka 1978 Donald Marquis alichapisha utafiti uliotegemea kumbukumbu za jiji na mahojiano mapya, akaonyesha kwamba habari zote mbili hazikuwa za kweli.

Je, tuseme basi kwamba simulizi ni uongo? Hasha. Marquis hakumfuta Bolden. Alithibitisha kwamba aliishi, alipiga, na alivuma kama wazee walivyosema. Kilichoanguka ni mapambo, kiini kikabaki. Nasi wanafunzi wa tendi twajua kwamba simulizi huongeza mapambo pale hasa ambapo jamii inampenda mtu.

Sasa tumgeukie shahidi wa pili. Santuri ya kwanza ya jazi ilirekodiwa New York tarehe 26 Februari 1917 na kampuni ya Victor. Waliorekodiwa ni Original Dixieland Jass Band, vijana weupe kutoka New Orleans, na mpuliza korneti wao alikuwa Nick LaRocca. Miaka ya baadaye LaRocca alidai hadharani kwamba muziki huo ulibuniwa na weupe, na kwamba weusi waliwafuata. Kwa mtu anayeamini santuri pekee, dai hilo lingekuwa gumu kulipinga, kwani tarehe inamuunga mkono. Ni simulizi za wazee juu ya Bolden, pamoja na kumbukumbu za jiji, zinazolikanusha. Hapa ndipo uzito wa suala letu ulipo: anayetangulia mbele ya mashine huweza kuonekana kuwa ndiye aliyetangulia katika sanaa yenyewe.

Inasimuliwa kwamba Freddie Keppard, mpuliza korneti mweusi aliyezunguka majukwaa ya Marekani na Original Creole Orchestra, alipewa nafasi ya kurekodi kabla ya kundi la LaRocca, akaikataa kwa kuhofia kuibiwa mbinu zake. Inasemekana pia kwamba alivifunika vidole vyake kwa leso asiigwe. Iwe kweli au chumvi, simulizi hii inatufunza kwamba kwa fanani wa aina hiyo sanaa ilikuwa amana, na daftari laweza kuwa mlango wa mwizi.

Hata pale santuri inapopatikana, haisemi yote. Mwezi Aprili 1923 Joe “King” Oliver aliipeleka bendi yake ya Chicago kurekodi katika studio ya Gennett, mjini Richmond, Indiana. Korneti ya pili ilipigwa na kijana aliyekuwa amemwita kutoka New Orleans mwaka uliotangulia, Louis Armstrong. Kurekodi kulifanyika bila umeme: sauti ziliingia katika pembe kubwa na kuisukuma sindano iliyochora nta. Ngoma kubwa haikupigwa kwa sababu ingeirusha sindano, na wimbo ulilazimika kwisha katika muda wa dakika tatu hivi. Hivyo, tunaposikiliza Dipper Mouth Blues na kusifu jinsi Oliver alivyoigeuza sauti kwa kuuziba na kuuzibua mdomo wa korneti, tukumbuke kwamba tunasikia sehemu tu ya kile kilichosikiwa ukumbini.

Santuri, hata hivyo, ilifanya jambo jingine kubwa: iligeuka mwalimu. Armstrong alijifunza kwa njia ya zamani, kwanza katika nyumba ya malezi ya watoto waliokosa, kisha kwa kumsikiliza Oliver na kukaa ubavuni mwake. Bix Beiderbecke, kijana mweupe wa Davenport, Iowa, alianza kwa kuzisikiliza santuri za kundi la LaRocca nyumbani na kuziigiza, akijibunia mwenyewe namna ya kutumia vidole. Matokeo hayakuwa nakala. Katika Singin’ the Blues ya mwaka 1927 tunasikia sauti tulivu isiyofanana na ya LaRocca wala ya Armstrong. Mwaka uliofuata Armstrong, ambaye wakati huo alikuwa amehamia kwenye tarumbeta, alirekodi West End Blues, akiufungua wimbo peke yake bila bendi. Utungaji wa papo kwa papo ukawa umepata maandishi yake.

Sisi tunao mfano wetu. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, zilidumu vifuani mwa watu kwa miongo kadhaa kabla ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah na W. E. Taylor kuzikusanya. Bila kumbukumbu, pasingekuwa na kitu cha kuandikwa. Bila kalamu, nyingi zingepotea.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ningependa wanafunzi waliomo humu waongeze kwamba daftari nalo lina mwandishi wake, na mwandishi ana mlango aliobisha na milango aliyoipita. Mnapokwenda kwa wazee wa beni, taarabu na dansi, rekodini sauti zao, andikeni tarehe, linganisheni wanayoyasema na nyaraka zilizopo. Kisha ulizeni ni nani hakuwahi kuitwa mbele ya kinasa sauti. Huenda huyo ndiye Bolden wa mtaa wenu, na wachache waliomsikia bado wangali hai.