Utepe wa Bama

Maposeni, jirani na misheni ya Peramiho, imo katika nchi ya Nkosi (chifu) Mputa Gama, aliyenyongwa na Wajerumani mjini Songea tarehe 27 Februari 1906. Vita ya Majimaji, iliyomletea kitanzi, ilipiganwa nyumbani. Vita kuu ya pili iliwachukua watu mbali: Watanganyika wapatao 87,000 waliingia katika jeshi la Mwingereza, na batalioni za Keya (King's African Rifles) za Tanganyika, ya 26 na ya 36, zikafika hadi Bama (Burma).

Walipitia Ceylon. Katikati ya 1944 divisheni yao, ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kifaru begani, iliingia bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko. Barabara ziligeuka tope, malaria ikawaangusha watu, lakini Desemba walifika Kalewa na kuuvuka mto Chindwin.

Waliorudi walipewa nyota za shaba na tepe za kushona kifuani. Wengi hudhani utepe ni ushahidi wa ushujaa. Tepe hizi hazikupima hilo. Zilisema ulikuwa wapi, tena kwa muda gani. Nyota ya 1939–45 ilidai miezi sita ya kazi katika eneo la vita. Ile ya Bama haikumdai askari wa nchi kavu muda wowote: akiingia eneo la mapigano kikazi, imekuwa yake. Mpishi na mpiga bombomu walivaa utepe uleule, buluu iliyokoza yenye mfuo mpana mwekundu katikati, na mfuo mwembamba wa rangi ya chungwa katikati ya kila upande wa buluu. Naona hiyo ni haki, maana malaria haikuuliza mtu kazi yake.

Aliyekaa ng'ambo bila kufika kwenye mapigano alikuwa na Medali ya Ulinzi, kwa kawaida baada ya mwaka mzima. Utepe wake ni kioja. Rangi ya moto na kijani humaanisha ardhi ya Uingereza ikishambuliwa, na mistari myembamba myeusi ni usiku wa kuzima taa. Mlinzi wa ghala aliyetoka Tanganyika alivaa giza la London, mji ambao huenda hakuwahi kuuona.

Nyota za Uingereza zilitolewa bila jina la mwenyewe, ilhali Australia, India na Afrika Kusini zilichonga majina ya askari wao. Baba akifariki na karatasi zikaliwa na mchwa, nyota haiwezi kusema ilikuwa ya nani.

Miaka hiyohiyo ya vita wanaume wa Songea walikuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wengine wakipelekwa kwa amri ya serikali kwa sababu vita ilihitaji kamba. Nao walikaa mbali na wake zao miezi mingi. Hakuna aliyewashonea utepe.

Hesabu ya siku bado ipo. Askari wa JWTZ anayelinda amani Kongo chini ya Umoja wa Mataifa hustahili medali yake akitimiza siku 90, na akirudi kwa zamu nyingine, utepe huongezwa tarakimu.