Kisanduku cha Betri

Historia ya Magu, kama inavyofundishwa shuleni, ni historia ya pamba, ng'ombe na Ziwa. Mwanafunzi hujifunza kwamba wakulima wa Usukuma waliunda vyama vyao vya ushirika, na kwamba mwaka 1955 vyama hivyo viliungana chini ya uongozi wa Paul Bomani na kuwa shirikisho kubwa la ushirika wa pamba katika Kanda ya Ziwa. Hujifunza pia kwamba serikali ilivifuta vyama hivyo mwaka 1976. Hayo yote ni kweli, nami nimeyafundisha miaka mingi. Lakini pamba haikutembea yenyewe. Ilitoka ghala la kijiji ikafika kiwandani juu ya magari, na kila gari liliwaka kwa nguvu ya betri iliyokaa juu ya kipande cha bati la chuma kisichozidi upana wa daftari lililofunuliwa. Kipande hicho hakimo katika kitabu chochote cha shule. Nataka kukieleza hapa, kwa sababu naamini kwamba ukitazama namna betri ilivyofungwa katika gari kuukuu, utajua wenye gari hilo waliogopa nini katika wakati wao.

Betri ya risasi na tindikali ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Magari ya kwanza hayakuitegemea katika kuwasha injini. Dereva alizungusha hendeli kwa mkono. Ni mwaka 1912 ambapo kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme, na tangu hapo betri ikawa moyo wa gari. Land Rover, gari tulilolizoea sana huku kwetu, ilitolewa Uingereza mwaka 1948. Bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Hata hivyo fremu yake ilikuwa ya chuma, na kitako cha betri kilikuwa cha chuma vilevile: bati lenye kingo, juu yake upau mwembamba, na bolti mbili ndefu zenye nati za kukazwa kwa vidole au spana. Hapakuwa na kufuli wala kifuniko kizito. Mtu aliyekichora kitako hicho aliogopa kitu kimoja tu, nacho ni mtikisiko.

Nasi katika Magu tulikuwa na mtikisiko wa kutosha. Aliyepita barabara za kuingia vijijini anajua udongo mweusi wa mbuga. Masika hunasa magurudumu hadi ekseli, na kiangazi hukauka na kupasuka, ukiacha mifereji migumu kama saruji. Ndani ya betri mna mabamba ya risasi yaliyopakwa dawa. Betri ikirukaruka, dawa ile hudondoka, hujikusanya chini, na hatimaye hugusanisha bamba na bamba. Hapo chumba kimoja hufa, na betri nzima huwa haina nguvu ya kuzungusha stata. Wakati huohuo tindikali hutoka kidogo kidogo kwenye vizibo, hushuka ubavuni na kutua kwenye bati. Chuma huliwa. Nati hushika kutu, upau hulegea, betri huzidi kuruka, na tindikali huzidi kumwagika. Ndivyo kosa dogo linavyozaa kubwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami sijaona mahali msemo huo ulipotimia waziwazi kama chini ya boneti ya gari la kijiji.

Kisha ikaja miaka ya shida. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Barabara ipitayo Magu kutoka Mwanza kwenda Musoma huishia Sirari, mpakani, kwa hiyo njia ya kuleta vipuri kutoka Nairobi ilizibwa hadi mpaka ulipofunguliwa tena Novemba 1983. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Magari ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na chakula, na mengi yalirudi yakiwa yamechoka, kama yalirudi. Fedha za kigeni zikawa haba, na mafuta yakapanda bei. Betri mpya ikawa kitu cha kuombewa kibali, na betri iliyokwisha kutumika ikawa mali ya kuibwa. Aliyeiba aliweza kuiuza kwa mwenye gari jingine au kwa mwenye radio, na ikiwa imekufa kabisa, risasi yake iliyeyushwa.

Hapo kisanduku cha betri kikabadilika. Madereva waliokuwa na bahati waliing'oa betri kila jioni na kulala nayo chumbani. Wengine walizungusha mnyororo wa baiskeli. Ofisi nyingi ziliamuru mafundi wa kuchomelea waunde sanduku la bati nene, lenye mlango na kufuli, likachomelewa moja kwa moja kwenye fremu. Niliyaona masanduku ya namna hiyo katika magari ya vijiji, ya misheni na ya idara za serikali. Yalikuwa kazi ya ustadi, yaliyokatwa kutoka mapipa ya mafuta na milango ya magari yaliyokufa. Lakini yalikuwa yameundwa na watu waliomwogopa mwizi kuliko mtikisiko, na hata kuliko moto.

Betri ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo tu. Inataka hewa, si sanduku lililozibwa. Tena, waya wake mkubwa ukikwaruzwa na ukingo wa bati hadi mpira ukatoka, umeme wote wa betri hupita hapo kwa mara moja, na waya huwa mwekundu kama kaa la moto. Dawa yake ni moja: kung'oa waya wa bodi upesi. Haiwezekani kama mlango umefungwa.

Katika msimu wa pamba wa mwaka 1982 pikapu ya kijiji kimoja, ambacho sitakitaja, iliungua njiani ikiwa na marobota ya pamba. Vyama vya msingi vilikuwa vimekwisha kufutwa, na kijiji ndicho kilichokusanya pamba kwa niaba ya Mamlaka ya Pamba. Dereva aliona moshi, akasimama, akafungua boneti. Sanduku lilikuwa na kufuli, na kwa amri ya uongozi ufunguo ulikaa kwa mtunza ghala, asije dereva akaiuza betri. Alilipiga kufuli kwa spana ya magurudumu mpaka mikono ikaungua. Pamba ile ilikuwa bado haijalipwa, nao wenyewe walipata stakabadhi tu. Kikao kiliitishwa, kikaandika neno moja: uzembe. Dereva alifukuzwa. Hakuna aliyeuliza ufunguo ulikuwa wapi. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo, na watoto wake wawili walikuwa darasani kwangu. Muhula uliofuata mmoja hakurudi.

Fundi mmoja mzee wa pale Magu mjini, aliyeliona gari lile lilipovutwa, hakuchomelea tena sanduku lisilo na matundu. Nilikaa naye mara nyingi chini ya mwembe nikimtazama akifanya kazi. Kwanza aliuliza gari ni la mwaka gani, kwa kuwa Land Rover za kabla ya mwaka 1967 hivi waya wake wa bodi ulikuwa chanya, na za baadaye hasi. Aliyechanganya aliharibu dainamo. Aliung'oa waya wa bodi kabla ya ule mwingine, ili spana ikigusa chuma pasiwe na cheche. Kisha alikoroga magadi katika maji na kuyamwaga juu ya bati lililoliwa. Yalitoka povu, na povu lilipokoma alijua tindikali imekwisha. Vizibo vya betri alivikaza kabla, maana magadi yakiingia ndani huiua. Alikata sehemu iliyooza mpaka akakuta chuma kizima, akachomelea bati jipya mbali na betri, akapaka rangi mara mbili. Chini aliweka kipande cha mpira wa tairi. Upau wa juu aliuvika mpira wa ndani ya gurudumu, usije ukagusa vichwa vya betri. Mlango ulikuwa na matundu, na badala ya kufuli aliweka nati isiyo ya kawaida, ambayo spana yake ilining'inia kwenye ufunguo wa gari.

Nilimwuliza, "Mzee, na mwizi je?"

Akanijibu, "Mwalimu, mwizi haji kila siku. Tindikali haina likizo."

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu wenye fedha zao za nje kuingiza bidhaa, na baada ya mwaka 1986 milango ya biashara ilizidi kufunguliwa. Zikaja pikapu za Kijapani zilizokwisha kutumika, na betri zikaonekana madukani. Yale masanduku mazito yakang'olewa. Lakini bati na upau wa kiwandani vilikuwa vimekwisha kuoza, na wengi waliridhika kuifunga betri kwa ukanda wa mpira uliokatwa kutoka tairi la ndani. Joto la injini huulegeza ukanda huo, betri ikaanza tena kuruka. Hofu ya mwizi ilipopungua, hata hofu ya mtikisiko iliyokuwa ya halali ilisahauliwa.

Nimeyaandika haya kwa ajili ya dereva yule, ambaye jina lake limebaki katika kumbukumbu za kikao kama mzembe. Sanduku lilimfahamu vizuri zaidi kuliko kikao. Anayetaka kuandika historia ya miaka ile asome kumbukumbu za vikao, lakini apite pia kwa mafundi na kutazama vyuma vilivyotupwa nyuma ya karakana zao.

Hivi karibuni nilialikwa katika shule moja ya sekondari inayotumia umeme wa jua. Betri zao zimewekwa katika kizimba cha nondo, chenye hewa nzuri, na kufuli kubwa mlangoni. Nilimwuliza mlinzi ufunguo uko wapi usiku. Aliinua kamba iliyokuwa shingoni mwake, akanionyesha.